Majira, Ukanda na Msingi: Istilahi za Upimaji katika Nyanda za Kati

Kabla ya vyombo vya setilaiti kufika mikononi mwa wanafunzi, ardhi ya Dodoma ilikwisha kupimwa mara nyingi. Mwaka 1972 watafiti wa Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mmomonyoko wa udongo katika mabonde ya mabwawa manne: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walitumia picha zilizopigwa kutoka ndegeni pamoja na vipimo vya ardhini. Mwaka uliofuata Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika. Hapo mstari wa ramani haukuwa mchoro tu: uliamua ng'ombe wa nani wahame.

Leo mwanafunzi wa sayansi ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundishwa kwa Kiingereza, kisha huingia kijijini na jipiesi mkononi akalazimika kueleza kazi yake kwa Kiswahili. Neno la kwanza analohitaji tunalo tayari. Vitabu vya hisabati vya shule za msingi vimezoea kusema majira ya nukta, na kwa mabaharia wa pwani majira yalikuwa njia ya chombo baharini. Hatuoni sababu ya kulitupa neno hilo na kubuni jingine.

Neno ukanda lina taabu zaidi. Upimaji wa kimataifa huigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 za longitudo, na mpaka wa nyuzi 36 Mashariki hupita upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Mji wenyewe umo katika ukanda wa 36. Kongwa na Mpwapwa zimo katika ukanda wa 37. Lakini mtumishi wa Serikali akisikia "kanda" hufikiri Kanda ya Kati. Ndiyo maana tunapendelea "ukanda wa ramani", ingawa ni refu.

Gumu kuliko yote ni jina la ule mfumo ambao majira huhesabiwa kutoka kwake. Ramani za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa Arc 1960, ilhali jipiesi kwa kawaida hutoa majira kwa WGS 84. Nukta ile ile, ikisomwa kwa mfumo usio wake, huhama takribani mita 300, nazo mita 300 kijijini ni shamba la mtu mwingine. Wapo wasemao "datamu". Hatulikatai, ila linafanana mno na data. Tunapendekeza "msingi wa vipimo". Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mjumbe wake aweza kumwuliza mpimaji, "Ramani hii imesimama juu ya msingi gani?" asihitaji mkalimani.

Walimu wenye neno jingine lililokwisha kuzoeleka kwa wapimaji watuandikie.