Ndoano ya labo na dawa ya malale

Mimi ni mtu wa agronomia, si daktari, lakini hii historia inatuhusu sisi wote.

Zamani, malale ikishafika kwenye ubongo, dawa ilikuwa melarsoprol ya mwaka 1949. Ndani yake kuna arseniki, na arseniki haichagui: inapiga kimelea, inapiga na mwenye kuumwa. Karibu mgonjwa 1 kati ya 20 alikufa kwa dawa yenyewe. Njo maana watafiti wanauliza: dawa inashika wapi ndani ya kimelea?

Swali si jipya. Paul Ehrlich wa Ujerumani aliona rangi za nguo zinashika sehemu fulani za seli na kuacha zingine. Mwaka 1904 rangi moja nyekundu iliponyesha panya wenye vimelea vya jamii hii.

Leo rangi imekuwa ndoano. Sisi watu wa ziwa tutaelewa haraka. Unafunga molekuli ya dawa kwenye shanga ndogo sana, unaitumbukiza katika vimelea vilivyopondwa, unavuta, unaangalia protini gani imekamata. Mwaka 2015 walijaribu hivyo na molekuli ya ukoo wa acoziborole. Zikapanda protini nyingi. Mvuvi anajua: kilichonasa si lazima kiwe kapitene uliyemfuata.

Ilihitajika shahidi wa pili. Mwaka 2018 jenetiki ilimtoa: kimelea kikitengeneza kwa wingi protini inayoitwa CPSF3, dawa inakishinda kwa shida. Basi shabaha ni ile. Na molekuli ingine ya ukoo huo, ya kutibu ng'ombe wenye nagana, inapiga palepale.

Sasa angalieni tarehe. Toka mwaka 2016 mpaka 2019, wagonjwa 208 wa Kongo na Guinea walimeza acoziborole, vidonge 3 mara moja tu. Kwa wale waliofikiwa kwenye ubongo, 95 kwa 100 walipona. Wa kwanza walimeza kabla shabaha haijajulikana. Si kosa, usalama ulipimwa kwanza. Lakini miili ilikuwa ya kwetu, ndoano ilikuwa ya mbali.

Ndugu zangu wa kemia, biolojia na mifugo: tuko na ziwa, tuko na mbung'o, tuko na lisansi. Nani atashika ndoano?