Hadhira na Mwisho wa Kisa: Mapokezi ya Game of Thrones, 1996–2019

Katika fasihi simulizi ya Kiswahili, mtambaji wa ngano haanzi mpaka aitikiwe. Husema "Paukwa", na wasikilizaji hujibu "Pakawa". Kwa jibu hilo huwa wamekubali kuandamana naye hadi mwisho. Fanani na hadhira hukaa pamoja, na akiruka sehemu muhimu ya kisa, aliyewahi kukisikia humkumbusha papo hapo. Kitabu kilichopigwa chapa kiliwatenganisha wawili hao. Hata hivyo, hadhira ya maandishi haikukubali kunyamaza. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walilalamika kwa miaka mingi, na mhusika huyo akarudi kwanza katika riwaya iliyoanza kutolewa mwaka 1901, kisha akafufuliwa kabisa mwaka 1903. Mhadhara huu unachunguza mvutano wa aina hiyo katika zama za televisheni.

George R. R. Martin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1948, alitoa riwaya ya kwanza ya msururu wake, A Game of Thrones, mwaka 1996. Ya pili ilitoka mwaka 1998 na ya tatu mwaka 2000. Baada ya hapo mwendo ulipungua: ya nne ilitoka mwaka 2005, na ya tano ikangojewa hadi Julai 2011. Kungoja huko kulizaa manung'uniko. Mwaka 2009, msomaji mmoja alimwuliza mwandishi Neil Gaiman iwapo ni haki kuona kwamba Martin anawaangusha wasomaji wake. Gaiman alijibu kwamba mwandishi si mtumishi wa msomaji, na kwamba kununua kitabu cha kwanza si kutia saini mkataba wa vitabu vinavyofuata. Jibu hilo liliweka wazi swali la msingi: kisa ambacho hakijakwisha ni mali ya nani?

Tarehe 17 Aprili 2011 kituo cha HBO kilianza kuonyesha mfululizo wa Game of Thrones, ulioandaliwa na David Benioff na D. B. Weiss. Tangu siku hiyo kisa kilikuwa na hadhira mbili. Tarehe 12 Juni, Ned Stark, ambaye watazamaji walimdhania kuwa shujaa mkuu, alikatwa kichwa. Watazamaji walipigwa na butwaa. Wasomaji walikuwa wakilijua jambo hilo kwa miaka 15. Tarehe 2 Juni 2013 yakaja mauaji ya harusini, yaliyomo katika riwaya ya tatu. Baadhi ya wasomaji waliwarekodi jamaa zao kwa siri ili wanase nyuso zao wakati wa mshtuko. Hapa wasomaji walikuwa kama wasikilizaji waliokwisha kuisikia ngano: wanajua litakalotokea, lakini wanafunga midomo ili wengine nao walipate jambo hilo kwa wakati wake.

Mapokezi hayo yaligusa lugha pia, na hapa Kiswahili kina sehemu yake ndogo. Riwaya zilikuwa na maneno machache tu ya Kidothraki. Mtunzi wa lugha David J. Peterson aliyakuza yakawa lugha yenye sarufi na msamiati, na miongoni mwa lugha zilizotajwa kuwa zilimpa msukumo ni Kirusi, Kituruki, Kiestonia, Kiinuktitut na Kiswahili. Neno "khaleesi", ambalo ni cheo cha mke wa khal, liligeuzwa na mashabiki kuwa jina la mtu. Mwaka 2018 watoto wa kike zaidi ya 500 walipewa jina hilo nchini Marekani. Aidha, matamshi yaliyoenea siyo aliyoyakusudia Peterson. Lugha ya kubuni ilikuwa imeanza kufuata wasemaji wake badala ya mtunzi.

Mwaka 2016 mfululizo uliipita hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na faida ya wasomaji ikatoweka. Maana ya jina la Hodor, ambalo ni ufupisho wa amri ya Kiingereza ya kuuzuia mlango, ilifichuliwa kwenye televisheni kabla ya kuandikwa kitabuni. Wafasiri waliokuwa wameliacha jina hilo kama lilivyo kwa miaka mingi walilazimika ghafla kutafuta, kila mmoja katika lugha yake, maneno yanayoweza kufupishwa yakawa Hodor.

Msimu wa nane, wa mwaka 2019, ulikuwa na vipindi sita tu, ilhali kila mmoja wa misimu sita ya kwanza ulikuwa na vipindi kumi. Tarehe 12 Mei, Daenerys, mwenye cheo kile walichopewa watoto kuwa jina, aliuteketeza mji uliokwisha kusalimu amri. Ombi la kutaka msimu huo utengenezwe upya lilipata saini zaidi ya milioni 1.5. HBO haikuutengeneza upya, na mwezi Septemba mfululizo huo ulitunukiwa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Wakati huohuo, mashabiki wengine waliokasirika vilevile walichangia SameYou, shirika la hisani lililoanzishwa na mwigizaji wa Daenerys, Emilia Clarke.

Wapo waliosema kwamba hadhira hiyo ilidai mwisho mtamu kama watoto. Hoja hiyo haina mashiko. Ni hadhira hiyohiyo iliyokipokea kifo cha Ned Stark, kwa kuwa kilitokana na matendo yake mwenyewe: alimwambia adui yake siri aliyoigundua, akampa nafasi ya kumtangulia. Lalamiko kubwa la mwaka 2019 lilihusu hatua zilizorukwa kati ya Daenerys mkombozi na Daenerys mteketezaji, zaidi ya tukio lenyewe. Hilo ndilo lalamiko la msikilizaji anayemkumbusha mtambaji.

Hata hivyo, kukumbusha si kuamuru. Msikilizaji anayeona kisa kimerukwa ana haki ya kusema hivyo, na hata ya kukisimulia kwa namna yake kesho yake. Hana haki ya kumlazimisha mtambaji arudi kukaa kitini. Watia saini walikuwa sahihi katika uhakiki wao na walikosea katika dai lao. Wala hasira yao haikuwa talaka. House of the Dragon ilipoanza tarehe 21 Agosti 2022, watazamaji wapatao milioni 10 nchini Marekani waliitazama usiku huo wa kwanza. Mtambaji alikuwa amesema "Paukwa" kwa mara nyingine, nao wakaitikia.