Daftari la Waliokamatwa: Kumbukumbu za Polisi huko Ankoro na Kaskazini mwa Katanga

Ankoro, mji wa teritware ya Manono katika jimbo la Tanganyika, umekaa pale Mto Luvua unapoingia katika Lualaba, na kwa sababu hiyo ulikuwa kwenye njia ya majini iliyounganisha Kongolo na Kabalo kwa upande mmoja na Bukama kwa upande mwingine tangu enzi za utawala wa Wabelgiji. Palipopita mashua za kodi, pamba na vibarua hapakukosa kupita wafungwa pia, na kila mfungwa alipaswa kuandikwa mahali fulani. Maandishi hayo yalikuwa ya aina tatu, ambazo wengi huzichanganya: daftari la kizuizini linalowekwa kwenye kituo cha polisi, daftari la gereza ambamo mfungwa huandikwa siku anayoingia na siku anayotoka, na daftari la mahakama ambamo kesi hupewa namba na hukumu hurekodiwa. Kwa muda mrefu wa historia yake, kumbukumbu hiyo iliandikwa kwa ajili ya mkubwa aliyekuwa juu ya mwandishi, yaani mkaguzi, msimamizi au mwendesha mashtaka, wala si kwa ajili ya raia ambaye angependa kujua nduguye yuko wapi, na athari ya mwanzo huo ingali inaonekana.

Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II hapakuwa na polisi waliotengwa na jeshi. Jeshi la Umma, lililopangwa kwa amri ya mwaka 1888, lilipigana vita na vilevile liliwakamata watu, na huko Katanga kazi hiyo iliangukia Kamati Maalumu ya Katanga, chombo cha dola na kampuni kwa pamoja kilichoundwa mwaka 1900, ambacho kilikuwa na kikosi chake chenyewe cha polisi na kikaitawala nchi hiyo hadi mwaka 1910, miaka 2 baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo kuwa koloni. Ni vigumu kuzungumzia kumbukumbu za kukamatwa katika kipindi ambacho mkusanya kodi, askari na mlinzi wa mali ya kampuni waliweza kuwa mtu mmoja.

Mambo yalibadilika pale utawala wa teritware ulipokita mizizi. Msimamizi wa teritware, ambaye watu walimwona kuwa ndiye Bulamatari mwenyewe, yaani serikali, alikuwa na askari wa teritware chini yake, alisimamia jela ya makao yake, na tena aliweza kuketi kama hakimu wa mahakama ya polisi iliyoshughulikia makosa madogo. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 iliongeza mahakama za wenyeji, ambamo chifu na wazee waliamua kesi mbele ya karani aliyeandika kila shauri katika daftari, na madaftari hayo yalikaguliwa na mahakimu wa Kizungu ambao waliweza kuifuta hukumu. Kwa hiyo karani alijua vyema ni nani atakayemsoma.

Makosa yenyewe yanaeleza mengi. Mwanamume mzima aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa aliweza kufungwa ili alazimike kulipa. Mkulima ambaye hakulima zao aliloagizwa, na katika nchi hizo za kaskazini mwa Katanga zao hilo mara nyingi lilikuwa pamba, aliadhibiwa kwa sheria zilizotokana na agizo la mwaka 1917 juu ya kilimo cha lazima. Amri ya mwaka 1933 iliruhusu siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia idadi hiyo ikapandishwa hadi 120. Aliyeondoka katika eneo la chifu wake kwa muda mrefu bila karatasi ya ruhusa alikuwa mkosaji, jambo lililowagusa vijana waliovutwa na machimbo ya bati ya Manono. Mtu anayetafuta majambazi katika madaftari ya enzi hiyo atakutana zaidi na wakulima. Akifungua ukurasa wa daftari la gereza atakuta safu za namba, jina, baba na mama, kijiji, chifu, teritware, kosa, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Hizo ndizo zilizomtambulisha mfungwa, kwa kuwa jina lake peke yake halikumtosha mkaguzi. Viboko navyo vilipimwa kwa sheria, vikipunguzwa hatua kwa hatua hadi 4 mwaka 1951 na kufutwa mwaka 1959.

Palikuwa na watu ambao mahakama haikuwahi kuwaona. Amri ya mwaka 1910 ilimpa mtawala uwezo wa kumhamisha mwenyeji aliyeonekana kuhatarisha utulivu na kumlazimisha kuishi mbali na kwao, bila mashtaka wala hukumu, na adhabu hiyo iliwapata sana wafuasi wa Kitawala, dini iliyotokana na mafundisho ya Watch Tower na kuenea katika Katanga. Faili zao zilikuwa siri ya utawala na ya idara ya usalama. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, shehena kubwa za nyaraka zilisafirishwa hadi Brussels, na ndiyo maana mtafiti wa historia ya kisiasa ya Tanganyika huweza kulazimika kuanzia Ubelgiji kabla ya kufika Kalemie.

Kumbukumbu ya makosa iliwahi pia kuwa kitu ambacho raia mwenyewe alitaka kiwe safi. Kadi ya stahili ya kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa Wakongo walioitwa walioendelea, ilinyimwa mwenye wake wengi na pia aliyewahi kuhukumiwa, katika miaka ya karibuni, kwa makosa kama wizi au udanganyifu. Hapo daftari la mahakama liliingia nyumbani mwa karani na mwalimu, watu ambao pengine hawakuwahi kuiona jela kwa ndani.

Baada ya uhuru, ugumu wa kutafuta ukawa wa namna nyingine. Ankoro ilikuwa chini ya Katanga, ikaingia katika jimbo la Kaskazini mwa Katanga lililoundwa mwaka 1962, ikarudi chini ya jimbo moja ambalo baadaye liliitwa Shaba, ikawa tena ya Katanga mwaka 1997, na tangu mgawanyo wa mwaka 2015 ni ya jimbo la Tanganyika lenye makao makuu Kalemie. Polisi nao walibadilika: polisi ya taifa ya mwaka 1966 iliunganishwa na jandarmeri mwaka 1972, Ulinzi wa Raia ukaongezwa mwaka 1984, kisha Polisi ya Taifa ya Kongo ikachukua nafasi yao baada ya kuanguka kwa Rais Mobutu, na sheria yake ya sasa ni ya tarehe 11 Agosti 2011. Juu ya hayo yote, siasa ya uhalisi ya mwaka 1972 iliwavua watu majina ya Kikristo, hata aliyekamatwa mwaka 1965 akiwa na jina la ubatizo akaachiliwa miaka kadhaa baadaye akiwa, kwa maandishi, mtu mwingine. Asiyejua historia hii atasema faili halipo, kumbe amelitafuta kwa jina la serikali isiyokuwepo wakati huo au kwa jina la mtu ambalo bado halijaanza kutumika.

Sheria inayoongoza kukamatwa ni mchanganyiko wa zama. Kanuni ya mwenendo wa jinai ni ya tarehe 6 Agosti 1959, kanuni za magereza ziliwekwa mwaka 1965, na agizo la tarehe 3 Julai 1978 linaeleza kazi za afisa wa polisi ya mahakama, yaani OPJ, ambaye huandika maelezo ya mshukiwa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, inaweka saa 48 kuwa ukomo wa kuzuiliwa polisi kabla ya mtu kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya mahakama. Agizo la mwaka 1978, hata hivyo, lilikuwa limezingatia umbali wa safari, na kwa mji ambao barabara zake huharibiwa na mvua, nafasi hiyo si ndogo. Tena OPJ anaruhusiwa kumaliza makosa madogo kwa kumtoza mkosaji faini ya maafikiano, ambayo watu huiita amandi tu. Faini ikilipwa, kesi kwa kawaida haifiki parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, wala haipati namba mahakamani. Kinachobaki ni stakabadhi, kama ilitolewa. Ni rahisi kuona kwamba sehemu kubwa ya kukamatwa kunakotokea huishia kwenye ngazi ambayo maandishi yake ni haba kuliko yote.

Tukio lililoiandika Ankoro katika kumbukumbu za dunia lilifuata njia tofauti. Mnamo Novemba 2002, katika mapigano kati ya wanajeshi wa serikali na wanamgambo wa Mai-Mai, wanajeshi waliua raia wasiopungua 70 na kuchoma maelfu ya nyumba. Wanajeshi kadhaa walishtakiwa, na mahakama ya kijeshi ya Katanga ikatoa hukumu tarehe 20 Desemba 2004, ambayo iliwaachilia wengi wao. Mtu anaweza kuiona hukumu hiyo kuwa dhaifu, na wengi wameiona hivyo, lakini ilitolewa hadharani, ina tarehe na namba, na kwa hiyo ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu uliofanyika Kongo iliweza kuitaja na kuipinga. Daftari la kizuizini halina hali hiyo, kwa kuwa sheria ya Kongo inautangaza uamuzi wa hakimu na haimtangazi aliyekamatwa, tofauti na miji mingi ya Marekani ambako orodha ya waliokamatwa husomwa na yeyote. Faragha hiyo ina haki yake, maana aliyekamatwa bado hajahukumiwa. Ila humlinda pia yule anayemzuia mtu bila kumwandika.

Kwa hiyo anayetafuta habari hugawanya safari yake. Kwa ndugu aliyekamatwa leo, familia huenda yenyewe kituoni ikiwa na chakula, kwa kuwa anayepokea chakula hawezi kukana kwamba mlaji yumo ndani, na wakili huomba kuona faili parke. Kwa hukumu, mtu huenda kwa karani wa mahakama na kulipia nakala. Kwa kazi au masomo, huomba dondoo la rekodi ya jinai linaloonyesha kama amewahi kuhukumiwa. Kwa mfungwa wa zamani, daftari la gereza ndilo tegemeo la mwisho, nalo lina hatari zake: Septemba 2011 gereza la Kasapa huko Lubumbashi lilivamiwa na wafungwa karibu 1,000 wakatoroka, akiwemo Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa Mai-Mai aliyekuwa amehukumiwa kifo mwaka 2009, na katika safu ya siku ya kutoka, ambayo kanuni za magereza za mwaka 1965 ziliipangia hati ya kuachiliwa, hapakuwa na hati ya kuandikwa.