Kipunji: kima wa Rungwe aliyewagombanisha wataalamu

Miaka 20 imeshapita tangu Mei 2005, jarida la Science lilipotangaza kwamba misitu ya kusini mwa Tanzania ina kima asiyejulikana na wataalamu. Tena si mnyama wa kujificha chini ya jani: bila mkia anafika karibu sentimita 90, manyoya marefu ya kahawia, uso mweusi, kishungi kimesimama utosini.

Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina, kipunji. Watafiti wa shirika la WCS chini ya Tim Davenport waliposikia habari zake mwaka 2003, hawakujua kama ni mnyama au ni hadithi. Desemba wakamwona vizuri mlimani Rungwe. Julai 2004 timu ya Trevor Jones nayo ikamkuta msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Timu hizo hazikuwa na habari za wenzao mpaka Oktoba, wakaamua kuandika pamoja.

Ugomvi ukaanzia hapo. Kwa desturi, anayetangaza spishi mpya huweka mzoga makumbusho. Hawa walileta picha. Waliopinga walihoji: picha utaipimaje fuvu? Waandishi wakajibu kuwa wanyama wenyewe ni wachache, kuua mmoja ili kuthibitisha yupo haina maana. Mimi niko upande wao.

Mkulima mmoja wa Rungwe ndiye aliyeleta mzoga bila kukusudia. Agosti 2005 mtego aliotega kulinda mahindi ulimnasa kipunji dume, kijana, akafa. Badala ya ubishi kwisha, ukachacha: vinasaba vilimweka karibu na nyani, fuvu halikufanana na la nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923.

Hesabu iliyochapishwa 2008 ilikuta vipunji 1,117 tu. Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia, na idadi imepanda tangu hapo.

Mzoga ule uko Field Museum, Chicago. Sina ugomvi na Chicago, lakini nakala ya fuvu ingewekwa Tukuyu, mji ulio jirani na mlima, wanafunzi wakaishika mkononi. Na mahindi yanayoliwa pembezoni mwa msitu yangefidiwa kwa wakati, mitego ingepungua bila hata semina.