Nani Ameshika Mfuko?

Jumatano ya tarehe 6 Septemba 2023, nikiwa chumbani kwetu Lagangabilili, nilikata karatasi za daftari vipande arobaini. Kwenye ishirini niliandika majina ya watu, kwenye ishirini nyingine majina ya nchi. Nikavikunja, nikavitikisa kwenye kofia mbili, nikaanza kuchomoa kimoja huku na kimoja kule, nikiandika matokeo peke yangu kwa mwanga wa simu. Nilikuwa mkweli kabisa. Kosa langu ni kwamba hakuna aliyeniona nikiwa mkweli.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili ya historia, kuhusu ushirika wa pamba Usukumani. Mchana nilizungumza na wazee, jioni nilikaa kibanda umiza kama vijana wengine. Wiki ile mwenye kibanda alikuwa analalamika. Ligi za Ulaya zimesimama kupisha timu za taifa, Taifa Stars wanacheza na Algeria Alhamisi, halafu Ijumaa na Jumamosi hana cha kuonyesha. Nikamwambia Ijumaa usiku linaanza Kombe la Dunia la raga, Ufaransa.

"Raga ndiyo nini?"

"Mpira wa yai."

Akacheka. Lakini king'amuzi alishalipia, na mimi nilikuwa na wazo. Nchi ishirini, watu ishirini. Kila mtu atoe shilingi 2,000, achukue nchi moja kwa bahati. Jumla 40,000. Mwenye bingwa anapata 25,000, mwenye mshindi wa pili 10,000, na mwenye nchi itakayofungwa pointi nyingi kuliko zote anapata 5,000 za pole. Hakuna anayehitaji kuijua raga. Kwa mchezo wa namna hii, asiyejua na anayejua wako sawa.

Waingereza wana neno lao la mchezo huu, sweepstake, na maana yake ya zamani ni yule mtu anayekomba dau zote mezani. Ulikua kwenye mbio za farasi. Mwanachama wa klabu alinunua tiketi, akapangiwa farasi kwa bahati, akasubiri. Klabu ya mbio za farasi ya Calcutta ilikuwa na mchezo wake uliojulikana himaya nzima ya Uingereza. Mwaka 1930 Ireland ikaanzisha wake kwa ajili ya kugharamia hospitali, na tiketi zake zikauzwa kwa siri hata katika nchi zilizoupiga marufuku. Kwa jirani zetu, Kenya Charity Sweepstake ilianza mwaka 1966, na vizazi vya Wakenya vimekua vikiona tiketi zake mitaani. Sisi tukawa na Bahati Nasibu ya Taifa miaka ya 1970, wakati wa Ujamaa, jambo ambalo bado linanichekesha kidogo. Hata serikali iliyohubiri kwamba jasho ndilo utajiri iliona haja ya kuuza bahati.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amezama kwenye kubeti. Msimu ule alitumwa kuuza pamba ya nyumbani, akarudi na pesa pungufu na hadithi ndefu. Kila mtu pale anajua mkeka ni nini, na simaanishi ule wa kulalia. Mechi kumi na mbili kwenye karatasi moja, kumi na moja zinatiki, moja inauchana. Nilidhani nikimpa mchezo wa 2,000 unaodumu wiki saba, atapunguza ule wa kila siku. Nilidhani pia kuna tofauti kati ya pesa inayozunguka kati ya watu ishirini wanaosalimiana na pesa inayotumwa kwa simu na kuondoka mjini bila kuaga.

Alhamisi usiku Taifa Stars walitoka sare ya 0–0 kule Annaba na kufuzu AFCON kwa mara ya tatu katika historia yetu. Kibanda kilikuwa kinatikisika. Katikati ya furaha ile nikasimama na kusoma orodha yangu. Mdogo wangu, Afrika Kusini. Mimi mwenyewe, Ireland.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameshaingia kwenye simu. "Ngoja kwanza. Ireland ndiyo namba moja duniani. Afrika Kusini ndiye bingwa mtetezi. Wote wawili mko nyumba moja. Hizi karatasi zilichomolewa wapi?"

"Chumbani."

"Nani aliona?"

Sikuwa na jibu. Watu walicheka, lakini si kicheko kile cha dakika tano nyuma.

Asubuhi nilimsimulia babu nikitegemea anionee huruma. Guku, kama tunavyomwita, amevuka miaka themanini. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Nani ameshika mfuko?"

"Mimi."

"Na wewe unacheza?"

"Nacheza."

"Basi wako sahihi."

Akaanza kunieleza habari ya mizani, ambayo nilikuwa nimeisoma maktaba Dar es Salaam bila kuielewa hivi. Utotoni mwake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alifuatana na baba yake kupeleka pamba kwenye kituo cha kununulia. Wachambuaji wa pamba, wengi wao wenye asili ya Asia, ndio walionunua, na karani wao ndiye aliyepima. Mkulima alisimama upande ambao hauoni namba. Akiambiwa ratili hamsini, ni hamsini. Inawezekana karani fulani alikuwa mwaminifu kama mtawa. Mkulima angejuaje?

Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulianzia pale pale kwenye mizani. Kabla hawajawa na ofisi wala magari, wakulima walichanga wakaweka mpimaji wao wenyewe kituoni, kazi yake kuangalia tu. Kijana aliyewaunganisha, Paul Bomani, alizunguka Usukumani akihimiza vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Hadi mwisho wa muongo ule, pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwao. Wanahistoria huandika habari hii kama hatua kuelekea Uhuru, na ni kweli. Lakini babu hakuwahi kuniambia baba yake alidai Uhuru pale kituoni. Alidai kuiona sindano ya mizani.

"Halafu?" nikamwuliza.

"Halafu wakwetu nao wakajifunza kusimama mbele ya mizani."

Hilo nalo limo kwenye vitabu. Ushirika ulipokua, malalamiko yakahamia kwa makarani wake wenyewe, na mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote. Ng'ombe wa kulimia alikuwa yule yule, pamba ile ile, na bado mkulima akarudi kusimama upande ambao hauoni.

Siku ile nikiwa natembea kwenda kibandani, nililifikiria neno kura. Tumelichukua kutoka Kiarabu, na huko linahusu kuamua jambo kwa bahati. Kwenye Biblia ya Kiswahili mitume wanapiga kura kumpata wa kuziba nafasi ya Yuda, na hawahesabu mikono, wanaiacha bahati, au Mungu, aamue. Neno hilo hilo likaja kubeba uchaguzi. Mwaka 1958 na 1959, Watanganyika wachache waliokuwa na kipato au elimu iliyotakiwa walipiga kura ya kwanza, na kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kura ya bahati na kura ya hiari zimeishi ndani ya neno moja bila kugombana, na nadhani ninajua sababu. Zote mbili hazina thamani zikifanyika chumbani.

Ijumaa saa kumi jioni, chini ya mwembe ulio mbele ya kibanda, nilichana orodha ya kwanza mbele ya watu. Babu alikuja na kigoda chake. Masharti yalikuwa yake. Mwenye kuandika hachezi. Mwenye kuchomoa hajui kusoma vizuri. Mwenye kushika pesa hashiki daftari. Nafasi yangu akaichukua mama anayeuza maandazi pembeni ya kibanda, ambaye alitoa 2,000 kwenye upindo wa kitenge na kuuliza, "Hii siyo kamari kweli?"

Nilitaka kusema hapana. Nikasema, "Ni kamari, mama. Ndogo." Akafikiri, akasema basi afadhali nimemwambia. Pesa zote zikaingia kwenye sanduku la kikoba chake, lile lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Watu wa kule hawajasahau DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna mbegu ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009 watu wengi wakiwa wameshapanda na hawajavuna. Kufuli tatu si mapambo.

Watoto wawili wadogo wakachomoa, mmoja sufuria ya majina, mwingine sufuria ya nchi. Fundi cherehani alipata New Zealand. Yule wa bodaboda alipata Ureno, akaguna. Mama wa maandazi alipata Afrika Kusini. Mdogo wangu alipata Romania.

Hakusema kitu. Alinitazama tu, na mimi nikatazama daftari.

Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kutazama mechi nzima ya raga. Mchezo huo ulikuwepo Afrika Mashariki muda mrefu, ila haukuwa wetu. Mwaka 1955 timu ya British Lions, ikirudi kutoka Afrika Kusini, ilipita Nairobi na kuifunga timu iliyoitwa Afrika Mashariki 39–12. Ikarudi mwaka 1962 na kushinda 50–0. Hiyo Afrika Mashariki ilikuwa ya walowezi na maofisa, wakati akina babu wanasubiri zamu ya mizani. Ilichukua muda Wakenya kuufanya mchezo wao, hadi ile Aprili ya 2016 walipoifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore ya wachezaji saba kila upande. Lakini Ufaransa hawakuwepo. Kati ya nchi ishirini, za Afrika zilikuwa mbili tu, Afrika Kusini na Namibia.

Wiki zikaenda. Tulijifunza kwamba pasi hairushwi mbele, na kwamba mtu anaweza kutoka damu akafungwa bandeji akarudi. Tarehe 8 Oktoba Ureno waliifunga Fiji 24–23, ushindi wao wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia, na yule wa bodaboda alizunguka stendi akipiga honi kana kwamba ana shangazi Lisbon. Romania nao walifungwa 82–8, 76–0, 84–0, na wakamalizia na 45–24 dhidi ya Tonga. Jumla pointi 287. Kila mechi mdogo wangu alikaa mbele. Alikuwa anatafuta za mkia, kwa hiyo alishangilia kila alipofungwa, na kibanda kizima kikaanza kushangilia naye. Jioni moja akaniambia, "Kaka, ni mara ya kwanza nafungwa na sidaiwi."

Fainali ilikuwa Jumamosi tarehe 28 Oktoba, saa nne usiku kwetu. Alasiri tulikuwa tumeitazama Barcelona ikilala 2–1 nyumbani mbele ya Real Madrid. Usiku mama wa maandazi akaingia kibandani, mara yake ya kwanza ingawa ameuza mlangoni pale miaka mingi. Vijana wakampisha kiti. Nahodha wa New Zealand alipotolewa kwa kadi nyekundu akauliza kama wataruhusiwa kuingiza mwingine. Tukamwambia hapana. Akasema, "Maskini," kisha akakumbuka yuko upande gani. Afrika Kusini walishinda 12–11, pointi zote kwa penalti nne za Handré Pollard. Walikuwa wameshinda robo fainali na nusu fainali pia kwa pointi moja moja. Fundi cherehani alikaa akitazama skrini iliyokwisha zimwa.

Jumapili baada ya ibada funguo tatu zilikusanyika, sanduku likafunguliwa chini ya mwembe. 25,000 kwa mama. 10,000 kwa fundi. 5,000 kwa mdogo wangu. Kila mmoja alisaini, babu akaomba asomewe daftari tangu mwanzo hadi mwisho, tukamsomea.

Orodha ile ya kwanza, ya chumbani, ingempa mdogo wangu 25,000. Hakuwahi kuitaja, mimi ndiye ninayeihesabu. Na zile 5,000 hazikufika jioni. Nilipomwuliza alinionyesha simu: mechi tisa. "Hela ya mkia hiyo, kaka, usiihesabie." Mchezo wangu haukumponya mtu. Nilikuja na dawa ya shilingi elfu mbili kwa ugonjwa uliokula pamba ya msimu mzima, na sasa naona nilikuwa nikijitibu mimi.

Januari iliyofuata, AFCON ilipoanza Côte d'Ivoire, nilikuwa Dar es Salaam naandika sura ya pili ya tasnifu. Mwenye kibanda akanitumia picha. Mwembe ule ule, timu 24, watu 24, sufuria mbili. Mama wa maandazi alikuwa amesimama pembeni na daftari mkononi, kwa hiyo hakuwa anacheza. Nilikuza picha kutafuta sanduku. Lilikuwa mezani, wazi, watu wameinama wakitazama ndani, na mdogo wangu alikuwa mmoja wa wale walioshika funguo.