Jarife Lilitegewa Papa, Akaingia Silikanti

Jioni wavuvi wa Kigombe, kusini mwa mji wa Tanga, huteremsha jarife na kuliacha lilale majini. Ni wavu wa macho makubwa, wa kunasia papa na taa. Alfajiri hurudi kulivuta. Mwaka 2004 na 2005 jarife lilipanda mara kwa mara na mgeni: samaki mnene wa buluu mwenye madoa meupe, magamba magumu ya kukwaruza kiganja, na mapezi yaliyoota juu ya vishina vya nyama, utadhani anajiandaa kutembea. Sokoni hakuwa na thamani. Nyama yake ni ya mafuta mengi na humharisha anayeila.

Huyo ndiye silikanti. Mwaka 2003 alikuwa amenaswa Songo Mnara, Kilwa, na mwaka 2001 aliingia katika wavu wa meli ya kukokota huko Malindi. Kote huko aliyemleta juu alikuwa anatafuta kitu kingine, na ukiirudisha historia yake nyuma utakuta ndivyo ilivyoanza.

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine ilikuwa bandarini East London, Afrika Kusini, baada ya kukokota wavu karibu na mlango wa mto Chalumna. Nahodha Hendrik Goosen alikuwa na desturi moja nzuri: kioja kikiingia wavuni hakukitupa, alimwekea Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji, mwanamke wa miaka 31. Siku hiyo bibie alikwenda gatini, akapekua lundo la samaki mpaka akaona pezi la buluu limechomoza. Chini yake alilala samaki wa urefu wa mita moja na nusu, kilo zaidi ya 57.

Kumfikisha makumbusho kulikuwa kazi. Dereva wa teksi hakutaka mzoga unaonuka ndani ya gari lake, akabembelezwa hadi akakubali. Chumba cha maiti kikakataa kumhifadhi. Desemba kule ni kiangazi, samaki akaanza kuharibika, ikabidi apelekwe kwa fundi wa kukausha wanyama na matumbo yakatupwa. Mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith alipofika kumwona Februari 1939, kilichobaki kilimtosha kumtambua. Wataalamu waliamini ukoo wa silikanti ulikwisha pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Smith akampa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya yule mwanamke na ule mto.

Smith ndiye mtu wa kwanza kumtafuta silikanti kwa makusudi, na hakumvua hata mmoja. Alisambaza karatasi zenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akiahidi zawadi ya pauni 100. Ilimchukua miaka 14. Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani katika visiwa vya Komoro alimpata kwa mshipi, na waziri mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, akamtolea Smith ndege ya jeshi akamchukue. Magazeti yakashangilia ugunduzi. Neno hilo hunikera kidogo, maana Wakomoro walikuwa na jina lake, gombessa, na walimjua kama usumbufu wa usiku: unashusha ndoana kilindini kutafuta samaki aitwaye nesa, anakuja yeye.

Indonesia nako, mwaka 1998, silikanti wa aina ya pili alipatikana kwenye wavu wa papa.

Kwa nini papa na silikanti wanakutana? Mchana silikanti hujificha kwenye mapango ya miamba iliyokwenda chini wima, usiku hutoka kuwinda taratibu, karibu anaelea tu. Zamani jarife halikumfikia. Papa wa karibu walipopungua, na mapezi yao yakiwa na bei nzuri kwa wanunuzi wa ng'ambo, wavuvi wa Tanga wakateremsha nyavu zao chini zaidi, hadi mita mia moja na ushei, palepale mlangoni pake. Siwalaumu, maana mwenye chombo hufuata samaki aliko. Lakini silikanti akishapandishwa kutoka kwenye baridi ya kilindini hadi maji ya vuguvugu ya juu, pumzi humwishia, na kumrudisha baharini mara nyingi ni kuurudisha mzoga.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552. Ni jambo jema. Ila mipaka ya hifadhi huchorwa kwenye ramani, na shida ya silikanti iko kwenye urefu wa kamba. Jarife lisiloshuka kwenye miamba ile lingemfaa kuliko kibao chenye picha yake.

Haraka ya kumlinda inatoka kwenye tumbo lake. Mwaka 1991 meli ya kukokota ilimnasa jike karibu na Pebane, Msumbiji, na ndani yake wakakutwa watoto 26 waliokaribia kuzaliwa. Silikanti hatagi, huzaa. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakasoma miduara ya magamba, kama fundi anavyosoma umri wa mti uliokatwa, wakakadiria kwamba huishi karibu miaka 100, mimba yake huchukua kama miaka mitano, na jike huanza kuzaa akikaribia miaka 60. Jike aliyefikia umri huo akanaswa Kigombe mwaka 2004 alikuwa amezaliwa katikati ya miaka ya 1940, wakati Smith bado anamtafuta.