Kinywa Kimoja, Watu Wengi

Buterere iko kaskazini mwa Bujumbura, kwenye tambarare ya Imbo, mahali ambapo mji hupeleka vitu vyake vya mwisho. Taka zinamwagwa kule. Maji machafu yanasafishwa kule, kwenye mabwawa yaliyochimbwa kwa kazi hiyo. Uwanja wa ndege uko jirani, na ndege ikishuka jioni watoto huacha mpira na kuinua macho mpaka taa zake zipotelee nyuma ya miti.

Hapo ndipo nilipoiona Dragon Ball, katuni ya Kijapani, kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chumba kilikuwa cha matofali ya udongo, mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja mbele, na nyuma ya ukuta jenereta ikinguruma. Tanzania wangekiita kibanda umiza. Mlangoni ulitoa noti ya faranga 100 iliyolainika kama kitambaa, ukajibana na wenzako. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa. Sisi nyumbani tulisema Kirundi na barabarani Kiswahili. Kifaransa kilikuwa cha darasani, na miaka ile darasani hatukukaa sana. Kwa hiyo kando ya televisheni aliketi kijana wa miaka kama kumi na mitano ambaye hakulipa kiingilio. Kazi yake ilikuwa kutuambia wanasema nini.

"Avuze iki?" mtoto angeuliza kwa Kirundi, amesema nini, naye angejibu kwa Kiswahili ili chumba kizima kisikie. Alikuwa shujaa Sangoku, alikuwa Végéta, alikuwa mzee wa kasa na mke anayefoka, wote kwa koo lile lile. Nimekaa nikimfikiria mara nyingi tangu hapo, na kadiri nilivyoisoma historia ya mfululizo huu ndivyo nilivyozidi kuona kwamba yeye ni sehemu ya historia hiyo. Tangu mwanzo, Dragon Ball imekuwa kazi ya vinywa vichache vinavyobeba watu wengi.

Ilianza bila kinywa chochote, kwenye karatasi. Akira Toriyama, aliyezaliwa mwaka 1955 katika mkoa wa Aichi, alikuwa tayari na jina kutokana na katuni yake Dr. Slump, iliyoanza mwaka 1980. Alikuwa mpenzi mkubwa wa filamu za kung fu, hasa ile ya Jackie Chan ya mwaka 1978 kuhusu kijana anayefundishwa kupigana na mzee mlevi. Mhariri wake, Kazuhiko Torishima, alimwambia: kama unazipenda hivyo, kwa nini usichore mambo hayo hayo? Alijaribu kwanza hadithi fupi mwaka 1983. Tarehe 20 Novemba 1984 sura ya kwanza ya Dragon Ball ilitoka katika jarida la Weekly Shonen Jump. Mwaka huo huo wa 1984 ndio Burundi ilipopata televisheni yake ya taifa, ingawa mambo hayo mawili yalihitaji miaka mingi kukutana.

Shujaa wake, Son Goku, alimtoa kwa Sun Wukong, mfalme wa nyani katika riwaya ya kale ya China kuhusu safari ya kwenda magharibi. Alimwachia mkia, fimbo inayorefuka na wingu la kupandia, kisha akamfanya mtoto wa porini anayekula sana na asiyejua ubaya.

Televisheni ilimchukua upesi. Studio ya Toei ilikuwa imetengeneza Dr. Slump kwa ajili ya kituo cha Fuji, na mfululizo ule ulipokwisha, wiki iliyofuata Dragon Ball ilikaa kwenye nafasi yake: Jumatano saa moja jioni, tarehe 26 Februari 1986. Sauti ya Goku ilitafutwa kwa majaribio, na Toriyama mwenyewe ndiye aliyechagua. Alimchagua mwanamke, Masako Nozawa, aliyezaliwa mwaka 1936, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 49. Goku alipokua na kuoa, sauti haikubadilishwa. Alipozaa Gohan, Nozawa akawa pia Gohan. Alipozaliwa Goten, akawa Goten. Baba na wanawe wanapozungumza mezani, kwa Kijapani, unamsikia mama mmoja akijiuliza na kujijibu, na mtazamaji haoni mshono.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulilalamikia: mwendo wake wa polepole. Toriyama alichora kurasa kama kumi na tano kwa wiki. Toei ilipaswa kujaza zaidi ya dakika ishirini kila Jumatano. Karatasi ilianza mapema kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, lakini televisheni ina tumbo kubwa, na baada ya muda ilikuwa inapumua kisogoni mwa mchoraji. Haikuweza kumpita, maana hakuna aliyejua nini kitatokea. Toriyama mwenyewe mara nyingi hakujua. Kwa hiyo watengenezaji walijifunza kunyoosha. Picha moja ya uso ilitazamwa mara mbili, mara tatu. Upepo ulivuma juu ya mawe. Mtu alikusanya nguvu huku ardhi ikitetemeka na kokoto zikipaa, na sehemu nzima ikapita akizikusanya. Pale ambapo hata kunyoosha hakukutosha, walitunga ya kwao. Kuna sehemu nzima ambamo Goku na Piccolo, wapiganaji wakuu wa dunia, wanapelekwa kujifunza kuendesha gari ili wapate leseni.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni sayari ya Namek. Freezer, jeuri aliyeivamia, anatangaza kwamba sayari italipuka baada ya dakika tano. Dakika hizo tano zilichukua sehemu karibu kumi, yaani zaidi ya miezi miwili ya Jumatano kwa watoto wa Japani. Hapo hapo, mwaka 1991, nywele za Goku zinageuka dhahabu. Kwenye karatasi ziligeuka nyeupe tu, na sababu yake ilikuwa ya kazi: kuzipaka wino mweusi kila picha kulimla msaidizi wa Toriyama muda mwingi. Nywele zisizopakwa wino ziliokoa saa.

Mfululizo wa kwanza ulikuwa na sehemu 153 na uliisha Aprili 1989. Wiki moja baadaye ukaanza wa pili, Dragon Ball Z. Herufi Z aliichagua Toriyama kwa kuwa ndiyo ya mwisho katika alfabeti. Alidhani amekaribia kumaliza. Ulikwenda sehemu 291, mpaka tarehe 31 Januari 1996.

Njia ya kuja kwetu ilipita Ufaransa. Tarehe 2 Machi 1988, nayo ikiwa Jumatano, siku ambayo watoto wa Kifaransa hawakuwa na shule, Dragon Ball ilionyeshwa kwenye TF1 ndani ya kipindi cha Club Dorothée. Kampuni iliyotengeneza kipindi hicho ilinunua katuni za Japani kwa wingi na kuziingizia sauti haraka, kwa waigizaji wachache. Brigitte Lecordier alikuwa Goku mdogo. Patrick Borg akawa Goku mtu mzima. Éric Legrand alikuwa Végéta na pia Yamcha. Philippe Ariotti alikuwa Piccolo, na alikuwa Freezer. Kwa hiyo, Piccolo anapopambana na Freezer kule Namek, kwa Kifaransa ni mtu mmoja anayejitukana na kujitishia. Watu wazima wa Ufaransa walikuwa na wasiwasi wao. Mwaka 1989 mbunge Ségolène Royal alitoa kitabu cha kulaumu televisheni ya watoto, katuni za Japani zikiwa mojawapo ya shabaha, na mapigo mengi yalikatwa kabla ya kuonyeshwa. Watoto walitazama vivyo hivyo. Majina waliyoyazoea wao ndiyo tuliyoyapokea sisi: Goku alikuwa Sangoku, Gohan alikuwa Sangohan, pamoja na Krilin na Freezer.

Burundi ya miaka ile ilikuwa na mambo mengine ya kutazama. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata viliingia mpaka mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, ambako watu walihama na kurudi na kuhama tena. Kulikuwa na mahali pachache ambapo vijana wa pande zote wangeweza kukaa pamoja. Pamojawapo palikuwa Centre Jeunes Kamenge, kituo kilichowakusanya vijana wa mitaa ya kaskazini, Buterere ikiwemo, kwa michezo na masomo; mwaka 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Kibanda chetu hakikupata tuzo, lakini nacho kilikuwa na benchi moja kwa wote.

Nakumbuka siku Piccolo alipojitupa mbele ya pigo ili Sangohan asife. Piccolo huyo huyo alikuwa ameapa kumuua baba wa mtoto. Mdogo mmoja nyuma yangu hakuelewa. "Kaka, si ni adui yao huyu?" Mkalimani hakugeuka. "Walikaa pamoja porini," akasema, "akamfundisha." Chumba kikanyamaza. Walikuwemo mle watu waliokwisha kupoteza ndugu, na hakuna aliyemwomba aeleze zaidi.

Kazi aliyoifanya ina wenyewe kote Afrika Mashariki. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, aliyeingiza maelezo yake ya Kiswahili juu ya filamu za nje kwenye kaseti. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina akina VJ Jingo, na Rwanda filamu iliyotafsiriwa hivyo huitwa agasobanuye. Wajapani nao waliijua zamani: enzi ya filamu zisizo na sauti, kando ya pazia la sinema alisimama msimulizi aitwaye benshi, akiwasemea wote walioonekana, na watu walilipa ili wamsikie yeye kama walivyolipa ili waione picha. Filamu za sauti ziliwamaliza katika miaka ya 1930.

Lakini hao wa kaseti walirekodi, waliweza kusimamisha na kurudia. Kijana wetu alitafsiri papo hapo, kutoka lugha ambayo yeye mwenyewe aliipata kwa shida. Filamu ya Kimarekani ilimshinda. Wanaongea mfululizo, na akimaliza sentensi moja zimepita tatu. Dragon Ball ilimpa nafasi. Sangoku anasema jambo, kisha anamtazama Freezer. Freezer anamtazama. Wingu linapita. Jiwe linaanguka. Katika kimya hicho, kilichotengenezwa Tokyo kwa sababu mchoraji mmoja alikuwa bado hajamaliza kurasa zake, kijana wa Buterere alipata muda wa kupanga maneno, kujisahihisha, na kumweleza aliyechelewa kuingia. Wanaosema mfululizo ule ungepunguzwa nusu wanasema kweli kwa upande wao. Kwetu ungepunguzwa, usingeeleweka.

Neno moja tu hakulitafsiri kamwe. Goku anaporudisha mikono ubavuni ili atoe mwale wake, huanza kulitamka taratibu, silabi kwa silabi: Ka-me-ha-me-ha. Ni jina la wafalme wa Hawaii, ambalo Toriyama alipewa na mkewe alipokuwa anatafuta jina la pigo lile. Kwa Kijapani, kame ni kasa, na pigo lenyewe ni la shule ya mzee wa kasa. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Lakini kila silabi yake inaishia kwa irabu, kama maneno yetu, na hata mtoto wa miaka minne alilitamka sawasawa na Nozawa. Chumba kizima kililisema pamoja, na kwa sekunde chache mkalimani alipumzika.

Baadaye zilikuja GT, Kai na Super, na Dragon Ball Daima, iliyokwisha Februari 2025. Toriyama hakuiona hiyo ya mwisho. Alifariki tarehe 1 Machi 2024, akiwa na miaka 68. Nozawa, aliyekwishatimiza miaka 88, alikuwa bado Goku.

Kuna siku diski ya Namek ilikwama. Ilikuwa imekwaruzwa na mikono mingi kabla yetu. Tuliona sayari ikipasuka, tukaona mwanga, kisha picha ikagawanyika vipande vya mraba na kuganda. Mwenye kibanda aliitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Ikaganda pale pale. Wenzake Sangoku wote walikuwa wamekwisha kupelekwa Duniani. Yeye peke yake alikuwa amebaki. Mtu akauliza kama amekufa.

Mkalimani alikuwa hajaiona sehemu inayofuata. Alifikiri kidogo, huku jenereta ikiendelea kunguruma. "Hakufa," akasema. "Freezer alikuja na kikosi, na wale hawakuja kwa ndege moja. Lazima kuna iliyobaki. Sangoku ameipanda."

Tulitoka nje tukiwa tumeridhika. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla sijaona mwenyewe mahali Goku anapowaeleza wenzake alivyookoka. Anasema karibu naye vilikuwepo vyombo vidogo vya mviringo vya watu wa kikosi cha Ginyu, akaingia kimoja, akabonyeza bila kujua anabonyeza nini, nacho kikaondoka naye.